Neno Refu na Kicheko Chetu



Dominika ya nne ya Kwaresima, Mwaka C, mwenzetu wa mwaka wa kwanza alisoma somo la pili kwa Kiingereza. Lilikuwa 2 Wakorintho 5:17-21, lenye neno "reconciliation", yaani upatanisho. Alilikata re-kon-si-li-a-ti-on, mkazo akauweka kwenye "ti". Tulicheka, tena tukiwa kwenye mabenchi ya kanisa. Tangu siku hiyo hakujiandikisha tena kusoma.

Padre mlezi hakutukemea. Alitupa chaki, akataka tuligawe neno lile ubaoni. Hapo tukagundua kwamba hata sisi hatukujua.

Alitufundisha hivi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: u-pa-ta-NI-sho. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na -tion hufanya vivyo hivyo, mradi -tion ihesabiwe kuwa silabi moja: rec-on-cil-i-A-tion. Ndugu yetu alihesabu silabi saba badala ya sita. Mkazo aliuweka pale ambapo lugha yake ilimfundisha.

Maneno yanayoishia na -ity ndiyo hutuumbua. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: hu-MAN-i-ty, TRIN-i-ty. Wengi wetu husema hyuma-NI-ti, na ndio sisi tuliocheka.

Kisha tukalifungua neno lenyewe. Re- ni "tena"; sehemu ya kati imetoka Kilatini, ina maana ya kuleta watu pamoja; -ation hulifanya kuwa nomino. Nasi tunajenga vivyo hivyo: patana, patanisha, upatanisho.

Jioni ile tulimwendea, tukamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu zangu, mlinicheka nikisoma neno hilohilo." Hatukuwa na jibu.

Siku hizi kila Jumamosi tunasomeana masomo ya kesho yake kwa sauti, penseli mkononi, na kila neno refu tunaligawa kabla ya kulitamka. Jina lake limerudi kwenye orodha ya wasomaji.

Nanyi waamini wenzetu, msomaji akijikwaa mimbarini, tumsubiri. Mara nyingi silabi moja tu ndiyo inayomsumbua, lakini kicheko chetu kinaweza kumnyamazisha mwaka mzima.