Mkweche Wangu na Bati za Mama

Jamani, msinicheke. Na mimi nina gari. Nimesema gari, siyo baiskeli! Ni kile kidogo chekundu, silinda tatu, sisi 990, ambacho washikaji hapa Kayanga wanakiita bebi woka.

Nilikinunua Bukoba kwa jamaa aliyeniapia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Milioni nne taslimu. Mbili na nusu zangu, za kuhangaika tangu nimalize fomu foo. Moja na nusu za mama, za kahawa, alizoweka anunue bati mpya. Nikamwambia, "Mama, nitabeba abiria, miezi mitatu tu bati zako ziko juu." Akanihesabia noti moja moja mkekani.

Wiki mbili za kwanza nilikula ujiko, acheni tu. Kiwiko dirishani, muziki juu, mabinti waliokuwa hawanijui wakalijua na jina la ukoo.

Siku hiyo nikapakia abiria wanne Omurushaka kwenda Nkwenda, kule Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka kwetu Karagwe mwaka 2012. Kwenye mlima mshale wa joto ukapanda haraka kuliko sisi. Gari likachemsha, mvuke kila mahali! Abiria wakadai nauli zao, wakadaka bodaboda. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi hakudai, alinipa pole. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi.

Fundi wa kwanza akachomoa themostati akaitupa. Eti Afrika hakuna baridi, haina kazi. Nikalipa! Kumbe ndiyo inayosubiri injini ipate moto kwanza, halafu ifungulie maji yaende kwenye rejeta. Na asubuhi za Karagwe mnazijua, wazee wanaota jua na makoti. Gari likawa linakunywa mafuta kama limealikwa harusini, na mlimani linachemsha vile vile.

Fundi wa pili akafungua rejeta: kutu tupu. Mwenyewe wa zamani alikuwa anajaza maji ya bomba, kulanti haijui. Akachomoa kijiti cha oili, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imeungua, maji na oili vimeoana.

Mpaka leo nimezika humo laki nane nyingine. Kuna jamaa anakitaka kwa milioni mbili. Nawaambieni ninyi tu, siyo hasara inayonizuia kuuza. Nikikiuza, nitapita wapi kwa miguu hapa Kayanga?

Juzi usiku mvua ikamwagika. Nikamsikia mama anapanga sufuria chini ya matundu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajifanya nimelala. Akaja na tochi mpaka mlangoni kwangu, akasimama. Nikajua leo yametimia, atayasema yote.

"Mwanangu," akaita taratibu, "gari umelifunika?"