Mashua Kuukuu Hugongwa Kwanza

Mwenye mashua iliyotelekezwa akinifuata huku mtaani Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, cha kwanza huuliza rangi: mikebe mingapi? Humwambia tuteremke ufuoni kwanza, maji yakishatoka, nikaigonge.

Nagonga ubao baada ya ubao. Ulio mzima hulia, uliooza hunyamaza. Penye kunyamaza nadunga kisu, na aghalabu kisu huzama kando ya msumari. Chuma kikishika kutu katika maji ya chumvi, hula mti unaokizunguka. Ubao wa mvule au mbambakofi huwa bado mgumu katikati, lakini kwenye tundu la msumari unachokoa unga mweusi kwa kidole. Rangi mpya hufunika tundu hilo, haizuii maji. Kisha nakagua mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Huo ukiwa umekwisha, namshauri mwenyewe aiache. La sivyo, atagharamia chombo kipya kwa jina la kuukuu.

Mkuku ukiwa salama, naanza mataruma, mbavu za chombo. Sing'oi yote kwa mkupuo, maana ndiyo yanayoshika umbo. Mbao zikilegea, chombo hakirudi kilivyokuwa. Natoa moja, natia jipya, ndipo naligusa la pili. Na taruma halichongwi kwenye mti ulionyooka. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zake zifuate mpindo, kisha tezo ifanye kazi yake. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni, Februari 2018 hadi Julai 2023, tulizidi kutegemea miembe na miarobaini ya mashambani. Hata sasa, kulipata tawi lenye mpindo unaofaa hula siku nyingi kuliko kulichonga.

Halafu kalafati: pamba iliyosokotwa, ikalowekwa mafuta, nikaishindilia kwenye nyufa kwa patasi na nyundo. Siikazi kupita kiasi, kwa kuwa mbao zitavimba. Chini napaka shahamu na chokaa, kinga dhidi ya wadudu watoboao mbao; juu sifa, mafuta ya samaki ambayo harufu yake mtaa mzima waijua.

Tunaishusha wakati wa bamvua. Jioni hiyo mwenyewe hupiga simu akilalama: inavuja! Namwambia afue maji, asubiri. Mbao zilizokaa juani lazima zinywe kwanza, ndipo zibane pamba. Isipokoma, narudi kutafuta ufa ulionipita. Ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapojikusanya, ikikauka, hapo ndipo nadai salio langu.