Yowe Ndani ya Mwili

Kwetu ni Bagara, mjini Babati. Likizo iliyopita mbuzi wetu wawili walitupa mimba usiku mmoja, na mmoja akawa mahututi. Babu akaniamuru nimshike amchinje, tule nyama. Nikakataa. Si desturi mjukuu kumkatalia babu yake, nami nilikuwa natetemeka.

"Shule imekufundisha ukaidi?" akauliza.

"La, Babu. Naogopa homa ya Bonde la Ufa."

Akanyamaza. Mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, homa hiyo ilienea Kenya na Tanzania, hata mkoa wetu wa Manyara. Wengi waliopata homa hiyo hupona upesi, lakini baba yangu mdogo, aliyechinja kondoo mgonjwa, nusura afe.

"Mwili hauna walinzi wake?" Babu akauliza.

Nikamweleza nilivyofundishwa. Nyumba ikivamiwa usiku, mwenyewe hupiga yowe, na majirani hukomea milango. Seli za mwili hufanya vivyo hivyo. Seli iliyoingiliwa na virusi hutoa protini iitwayo intaferoni. Hiyo huzifikia seli jirani, nazo hutengeneza protini nyingine za kuzuia virusi visizaane. Isaacs na Lindenmann waliigundua intaferoni mjini London mwaka 1957.

"Basi mbona mwanangu nusura afe?"

Swali hilo ndilo nililomwuliza mwalimu wetu wa bayolojia. Virusi vya homa hii, vilivyogunduliwa Kenya karibu na Naivasha mwaka 1931, vina protini yao inayoingia katika kiini cha seli na kuizuia isitengeneze intaferoni. Ni mwizi anayemziba mwenye nyumba mdomo kwanza, majirani wasiamke.

Babu akaweka kisu chini. Tukamwita bwana mifugo, akavaa glavu, akachukua damu ya mbuzi, akatuonyesha jinsi ya kufukia zile mimba bila kuzigusa kwa mikono mitupu.

Majibu yalipokuja, ulikuwa ugonjwa mwingine, ila nao huambukiza watu. Babu hakusema kuwa nilishinda, wala mimi sikusema. Jioni aliniita tu, akasema, "Nieleze tena habari za yule mwizi."

Wenzangu, mliyojifunza darasani yapelekeni nyumbani, tena kwa adabu. Huko ndiko yanakohitajiwa.

Mwanafunzi, Kidato cha III