Elnino Isiyo Elnino: Mvua za Nyatike na Homa Bay

Huko Nyatike, Kaunti ya Migori, ambako Mto Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, mvua kubwa aghalabu huitwa elnino. Jina hilo lilienea nchini kwa mafuriko ya 1997 na 1998, na tangu hapo hubandikwa mvua yoyote ibomoayo madaraja na kufukuza watu makwao. Kwa mwanaisimu, huo ni upanuzi wa maana wa kawaida tu. Kwa mkulima wa Nyatike, ni jina linalomwelekeza kuitazama bahari isiyo yake.

Elnino hasa ni kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki. Huathiri vuli yetu, naam, lakini kwa kiasi kikubwa kwa kupitia Bahari ya Hindi, nayo bahari hii ina mzunguko wake ambao wanasayansi waliueleza mwaka 1999 na kuuita dipoli. Kwa kawaida maji yenye joto zaidi huwa upande wa Sumatra, na pepo za ikweta huvuma kuelekea huko. Kila baada ya miaka kadhaa mambo hugeuka: Sumatra hupoa, maji ya upande wetu hupata joto kuliko ada, pepo hizo hudhoofika au kugeuka, na unyevu husukumwa bara. Hapo opon, kama Waluo waitavyo mvua fupi za mwishoni mwa mwaka, husahau kuwa ni fupi.

Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya wastani. Dipoli nayo ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Vuli ilifurika, masika yakafuata, na Mei 2020 kina cha ziwa kikafika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, kikiipita kwa sentimita moja rekodi ya Mei 1964. Nyumba, mashamba na mialo ya wavuvi katika Homa Bay na Migori vikamezwa.

Waliojenga hapo hawakuwa wapumbavu. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka mno, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyoachiliwa katika mabwawa ya Jinja, na ardhi iliyobaki wazi ilionekana kuwa mali ya mwanadamu. Walioshuhudia ziwa likipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, kwa mvua zilizopewa jina la Uhuru, walikuwa wamezeeka au wamefariki.

Kumbukumbu ya bahari ni ndefu zaidi. Matumbawe ya Malindi hujenga tabaka mwaka baada ya mwaka, na uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi ndani yake hubadilika kadiri joto la maji linavyobadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulisoma humo miaka 194, kuanzia 1801; vipimo vya ziwa vilianza 1896. (Wapo watakaoitaja pia ngano ya Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ambako bikizee aliyenyimwa hifadhi alikiangamiza kijiji kwa mvua. Ngano hiyo inafunza ukarimu. Tusiilazimishe kupima mvua.)

Oktoba 2023 Wakenya walitangaziwa kuwa elnino iliyotabiriwa haitakuwa kali. Mwezi uliofuata, Pasifiki na Bahari ya Hindi ya upande wetu zikiwa na joto kupindukia, mafuriko yakaendelea kuua, na waliofariki nchini wakapita 100. Watu wakabishana iwapo ile ilikuwa elnino au la.

Kiswahili kina kaskazi na kusi, masika na vuli, istilahi za watu waliojua kuisoma bahari. Kwa dipoli, hakina neno linalofahamika mtaani wala redioni. Hivyo mkulima wa Nyatike akisikia kuwa mwaka huu hakuna elnino, huenda akaelewa kuwa hakuna mafuriko, akapanda mahindi yake pale pale kando ya Kuja.