Moyo Unaposimama

Wahenga waliufananisha moyo wa mtu na msitu wa giza: atazamaye kwa nje hajui kilichomo. Bila shaka walikuwa wakisema juu ya nia na siri, wala si misuli na damu. Hata hivyo, katika chumba cha dharura usemi huo huwa wa kweli kuliko walivyokusudia. Mgonjwa huletwa akiwa hajitambui. Daktari humgusa shingoni akitafuta mpigo, naye hapaswi kuzidisha sekunde 10, maana kila muda ambao kifua hakibonyezwi, ubongo hukosa damu. Vidole navyo hudanganya. Huenda vikahisi mpigo wa daktari mwenyewe, au vikaukosa mpigo hafifu uliopo. Mashine ya kupima umeme wa moyo huchora mistari, lakini mistari hiyo haithibitishi kwamba moyo unasukuma damu. Umeme waweza kuwapo, mwendo usiwepo.

Ndiposa madaktari wa dharura wakakimbilia mwangwi. Chanzo chake hakikuwa hospitalini. Mnamo mwaka wa 1953, huko Lund nchini Uswidi, daktari Inge Edler alitatizwa na wagonjwa ambao vali zao za moyo zilikuwa zimebana, kwa kuwa hakuwa na njia nzuri ya kuzichunguza kabla ya upasuaji. Alishirikiana na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz. Hertz alikwenda katika kiwanda cha kuunda meli mjini Malmö, ambako palikuwa na mtambo wa kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa kutuma sauti isiyosikika na kuupokea mwangwi wake. Akakiweka kifaa kifuani pake mwenyewe, akaona alama zikicheza sambamba na mapigo ya moyo. Mwezi Oktoba mwaka uo huo, wawili hao waliurekodi mwangwi wa moyo. Mpenzi wa fasihi hana budi kutua hapo kidogo: chombo cha kukagua chuma ndicho kilichokuja kukagua kiungo ambacho washairi wamekiimba kwamba hakipimiki!

Leo kifaa hicho chaweza kubebwa mkononi, na vingine huunganishwa na simu. Daktari hukigandamiza chini ya mbavu, na moyo ukajitokeza kwenye kiwambo kwa rangi ya kijivu na nyeusi. Maswali yake ni machache. Je, misuli inajikaza? Je, upande wa kulia umetanuka kupita kiasi, ishara kwamba huenda damu iliyoganda imeziba njia ya mapafuni? Je, mfuko unaouzunguka moyo umejaa maji? Swali hili la mwisho ni zito zaidi barani Afrika, ambako kifua kikuu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maji hayo. Moyo waweza kuwa na nguvu zake, ila umebanwa hata haujai damu. Sindano ikiyatoa maji hayo mapema, mgonjwa huweza kupona. Aidha, vali zile zilizomsumbua Edler bado zinawaua vijana wa Afrika Mashariki kutokana na homa ya baridi yabisi, ilhali katika nchi tajiri maradhi hayo yamepungua mno.

Lakini jicho nalo lina ulafi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba kifaa hiki kilipotumiwa, mapumziko ya kubonyeza kifua yalifikia wastani wa sekunde 21, badala ya 13. Picha ilikuwa ikitazamwa, na ubongo ukisubiri.

Linalotisha zaidi ni uamuzi wa kuacha. Mwaka wa 2016, utafiti wa wagonjwa 793 ulibaini kwamba, kati ya wale ambao mioyo yao haikuonekana kusogea, asilimia 0.6 tu ndio waliotoka hospitalini wakiwa hai; kwa waliosogea, ilikuwa asilimia 3.8. Asilimia 0.6 si sufuri. Tena, mwaka wa 2018, madaktari walioonyeshwa video zile zile walitofautiana juu ya moyo upi umesimama na upi haujasimama.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tofauti hiyo ni suala la maana ya neno. Kitenzi ‘kusimama’ kina hila. Mtu aliyesimama yu wima. Gari lililosimama limekoma, nalo laweza kuondoka tena. Daktari anapowaambia ndugu za mgonjwa kwamba moyo umesimama, huwaachia upenyo wa tumaini ambao pengine yeye mwenyewe hanao. Akisema umekufa, anaikaribia nahau ya kufa moyo, ambayo humhusu mtu aliye hai. Kumbe lugha inayo maneno mengine yaliyo wazi: moyo una umeme lakini haujikazi, unajikaza lakini hausukumi.

Maneno haya yanahitajika pale ambapo ndugu amesimama nyuma ya daktari, naye anakitazama kiwambo. Misuli imetulia tuli. Vali moja inatikisika kwa sababu mapafu yanapulizwa hewa. Anauliza, “Daktari, si unapiga huo?” Anasubiri kujibiwa kwa Kiswahili.