Kanuni Nazo Hufundisha: Juu ya Kutunga Michezo ya Mezani kwa Watoto

Mwalimu anayeingiza mchezo darasani huulizwa kwanza kama mchezo huo utawapendeza watoto. Swali hilo ni jema, lakini lipo jingine linalolitangulia: mchezo huo unamtunuku nani, na unamtunuku kwa kutenda nini? Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia mchezo wa aina moja tu, ule ambao wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akijifanya mhusika wa kubuni, wakasafiri pamoja kwa maneno katika kisa kinachoongozwa na mwamuzi. Tumeuendesha mchezo huo kwa miaka kadhaa pamoja na walimu wanafunzi na watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Yale tuyaelezayo hapa yametokana na kazi hiyo.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Mwamuzi hueleza hali: “Mmefika ukingoni mwa mto. Maji yamejaa, na mtumbwi uko ng’ambo. Mwafanya nini?” Wachezaji hushauriana, kisha hujibu. Ikiwa walitakalo halina shaka, mwamuzi huwaeleza matokeo yake. Ikiwa lina shaka, dadu hutupwa, na kanuni huamua. Kisha hali mpya huzaliwa, na safari huendelea. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wote hufaulu au hukwama pamoja.

Asili ya mchezo huu haiko mbali na kazi ya ualimu. Mwaka 1824, huko Prusia, ofisa mmoja aitwaye Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz alitoa kitabu cha mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa dadu, majedwali na mwamuzi, ili maofisa wajifunze kuamua kabla ya kufika vitani. Majedwali hayo yaliwachosha watu. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alishauri kwamba sehemu kubwa ya kanuni iachwe, na mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa busara yake. Tangu hapo swali hili halijaisha: tutegemee kanuni iliyoandikwa, au busara ya anayeongoza? Kila mwalimu analijua swali hilo, hata kama hajapata kushika dadu.

Karibu karne moja baadaye, huko Minnesota nchini Marekani, David Wesely aliwapa wachezaji wa mchezo wa vita kazi ngeni: badala ya kuongoza majeshi, kila mmoja awe mtu mmoja katika mji wa kubuni, mwenye haja yake mwenyewe. Mwenzake Dave Arneson aliendeleza wazo hilo kuanzia 1971, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza. Dadu zao za pande 4, 8, 12 na 20 hazikutengenezwa kwa ajili ya mchezo huo. Zilitoka kwa wauzaji wa vifaa vya shule, waliokuwa wakiziuza kwa mafunzo ya hisabati. Kwa hiyo tunapourudisha mchezo huu darasani, tunavirudisha vifaa vyake nyumbani.

Katika vijitabu hivyo vya 1974 mna jambo moja ambalo kila mtunzi wa kanuni angefaa kulitafakari. Wahusika walipanda daraja kwa kupata pointi, na pointi zilitokana zaidi na hazina iliyoletwa nyumbani kuliko adui aliyeuawa. Wachezaji wenye akili walielewa upesi. Kwa nini kupigana na joka, ikiwa dhahabu yaweza kuchukuliwa joka lingali limelala? Wakajifunza kupeleleza, kunyata, kufanya mapatano na kukimbia. Hakuna aliyewahutubia juu ya hekima ya kuepuka vita. Kanuni ya malipo ndiyo iliyowafundisha. Hili ndilo tunalotaka walimu wanafunzi walishike: mtoto husikia maneno ya mwalimu, lakini hutenda kwa kufuata kile kinacholipwa. Ukisema “shirikianeni” huku pointi zikienda kwa anayetangulia, umefundisha kutangulia.

Jambo la pili lionekanalo katika vijitabu hivyo ni kwamba watungaji waliwahimiza wasomaji wajitungie yaliyosalia. Kubadili kanuni, basi, si kuuharibu mchezo. Sisi wenyewe tuna mfano ulio karibu zaidi. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo mgumu, na wazee wetu hawakumtupa mtoto katikati yake. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete zote huwekwa tangu mwanzo, mbilimbili katika kila shimo, bila ile hatua ya kunamua. Bao la kujifunza si bao bovu. Ni bao ambalo mtu fulani alilipima kwa kumtazama mwanagenzi, akaondoa kile ambacho hajakiweza bado, akaacha kile kitakachomfikisha.

Sasa tuingie katika utungaji. Sehemu ndogo kuliko zote katika mchezo huu ni tukio, yaani mahali pamoja safarini ambapo wachezaji hulazimika kuamua. Sisi hulipima tukio kwa maswali matatu. Kwanza, je, wachezaji wanataka kitu? Mto uliofurika ni mandhari tu, mpaka uwe umesimama kati yao na zahanati inayongojea dawa walizobeba. Pili, je, zipo njia zaidi ya moja? Wakiweza kupatana na mwenye mtumbwi, au kutafuta kivuko cha juu, au kungoja maji yapungue, kila njia ikiwa na gharama yake, hapo pana uamuzi. Ikiwepo njia moja tu, pana kazi ya kukisia kilichomo kichwani mwa mwalimu, na kazi hiyo watoto wetu wamekwisha kuizoea mno. Tatu, je, wakishindwa, kisa kitaendelea? Tukio linaloufunga mchezo kwa sababu dadu imeanguka vibaya ni ukuta, na ukuta haufundishi kitu.

Kutokana na swali hilo la tatu limezaliwa zoea zuri la watunzi wa michezo hii: kila jambo ambalo wachezaji lazima waligundue, liwekewe dalili tatu, wala si moja. Moja wataipita bila kuiona, ya pili wataielewa vibaya, ya tatu itawafikisha. Mwalimu aliyewahi kueleza sehemu za kumi mara moja tu, kwa njia moja tu, atalielewa zoea hili bila maelezo zaidi.

Baada ya tukio huja hesabu, na hapa ndipo kanuni nyingi nzuri za kusikia huanguka. Kundi moja la walimu wanafunzi lilituletea tukio la kuvuka mto kwa miguu. Kanuni yao ilikuwa hivi: kila mmoja wa wasafiri sita atatupa dadu ya pande 6, na akipata 1 tu ndipo atakapochukuliwa na maji na kutoka mchezoni. Waliiona kanuni hiyo kuwa ya huruma, kwa kuwa kila mtu ana nyuso tano za kumwokoa na moja tu ya kumwangamiza. Tuliwaomba waifanyie hesabu ubaoni. Dadu sita zaweza kuanguka kwa njia 46,656. Njia ambazo 1 haitokei hata mara moja ni 15,625. Maana yake, wasafiri wote sita huvuka salama karibu mara moja tu katika kila mara tatu. Katika mara mbili zilizosalia, angalau mtoto mmoja angeketi kando akiwatazama wenzake mpaka kipindi kiishe.

Chumba kilikaa kimya kidogo. Kisha mmoja wao akasema kwamba katika darasa lake la mazoezi anamjua mtoto ambaye angekuwa huyo wa kuketi kando, kwa maana ndiye ambaye kila jambo humwangukia. Kanuni ikabadilishwa palepale. Dadu zitupwe mara moja kwa kundi zima, na zikianguka vibaya mto usichukue mtu, bali uchukue mzigo mmoja. Sasa wasafiri wako ng’ambo, dawa zimelowa nusu, na wanapaswa kuamua kama watarudi au wataendelea na zilizobaki. Dadu ileile, mto uleule. Lakini kushindwa kumegeuka kuwa mlango wa uamuzi mwingine.

Yafaa pia mwalimu ajue tabia ya dadu anazozitumia. Dadu moja ya pande 6 haina upendeleo: kila namba ina njia yake moja. Dadu mbili zikijumlishwa hubadili mambo. Katika njia 36, jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, na jumla ya 2 kwa njia moja tu. Sisi hutumia kanuni ifuatayo. Jambo lenye shaka hutaka jumla ya 9 au zaidi, nayo ina njia 10 kati ya 36. Lakini kila sababu nzuri ambayo kundi litaitoa huongeza 1 katika jumla yao. Sababu moja huwapa njia 15. Sababu mbili huwapa njia 21, yaani zaidi ya nusu. Hatukuwaambia watoto wafikiri kabla ya kutenda. Walipoona kwamba kutupa dadu bila kusema neno huwapotezea, wakaanza kusema: “Tufunge kamba kwenye ule mti,” “Tuvuke asubuhi kabla mvua ya milimani haijashuka.” Sentensi kamili zikawa na thamani iliyoonekana mezani.

Anayekosa dadu asikate tamaa. Penseli yenye pande sita, ikiandikwa namba kila upande na kuviringishwa juu ya dawati, hufanya kazi ileile. Vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kopo huchukua mahali pa dadu ya pande 20, mradi kila kikaratasi kirudishwe koponi na kuchanganywa kabla ya kuchota tena. Waulize watoto kwa nini kirudishwe. Jibu lao ni somo zima la hisabati.

Tumebakiza jambo ambalo kwetu ni zito kuliko hesabu. Katika kila kundi wapo wasemaji wawili watatu, na wengine huitikia. Mwalimu aweza kuwanyamazisha wasemaji, lakini hilo hulifanya kundi zima kuwa kimya. Sisi tulijaribu njia ya kanuni. Kabla ya safari kuanza, kila mtoto hupewa kikaratasi chenye jambo moja ambalo mhusika wake peke yake analijua: huyu aijua lugha ya watu wa ng’ambo, yule ajua dawa ipi haivumilii jua, mwingine alikulia kando ya mto. Katika kundi moja kikaratasi cha mto kilimwangukia msichana ambaye kwa wiki nyingi hatukuwa tumemsikia sauti. Wavulana wawili walinyoosha mikono ili wakisome wenyewe. Ndipo likaulizwa swali la kanuni: je, yaruhusiwa kusoma kikaratasi cha mwenzako? Tuliwarudishia watoto swali hilo. Walijadiliana wakakata shauri kwamba hairuhusiwi, kwa sababu hakuna awezaye kufungua kichwa cha mwingine akasoma. Lazima umwulize, naye akujibu kwa maneno yake. Basi wakamwuliza. Naye akajibu, kwanza kwa neno moja, kisha, walipotaka kujua kivuko kiko wapi, kwa maneno mengi.

Hatudai kwamba kikaratasi kimoja kilimponya ukimya. Siku zilizofuata alisema kidogo, na siku nyingine hakusema. Tunachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatutosha: siku ile kundi lilimhitaji, na kila mtu mezani alilijua hilo bila mwalimu kulisema.

Kwa walimu wanafunzi watakaotaka kujaribu, tuna ushauri mfupi. Anzeni na kanuni chache zinazoenea ukurasa mmoja wa daftari. Ongezeni kanuni moja tu kwa wakati mmoja, mpate kujua ni ipi iliyoleta badiliko. Iandikeni mahali ambapo watoto wanaiona, kwa kuwa kanuni iliyomo kichwani mwa mwamuzi peke yake hufanana mno na upendeleo. Isipofaa, iondoeni mbele yao na mwaeleze sababu. Watoto waonao kanuni ikirekebishwa kwa hoja hujifunza kwamba kanuni ni kazi ya watu, na watu waweza kuitengeneza. Na kabla ya kuipeleka kanuni yoyote darasani, geuzeni karatasi mliyoiandikia, na nyuma yake mwandike jibu la swali hili: mtoto asiyetaka chochote ila kushinda, ataitumiaje kanuni hii, na katika kushinda kwake atawafanyia nini wenzake? Jibu likiwa jema, nendeni nayo.