Ngazi za Odessa: Ziara Ndani ya Filamu Bubu

JE, msomaji, umewahi kushuka ngazi ndefu huku moyo ukikudunda, ilhali umeketi kwenye kochi sebuleni mwako? Hayo yalinifika Jumapili moja alasiri. Nilikuwa na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12, tukitazama filamu isiyo na hata neno moja la kusikika. Inaitwa Battleship Potemkin, yaani manowari Potemkin. Ilitengenezwa mwaka wa 1925 katika Muungano wa Kisovieti, na mwelekezi wake, Sergei Eisenstein, alikuwa kijana wa miaka 27 tu.

Kabla hatujafika kwenye filamu, hebu nikutembeze mahali penyewe.

Odessa ni mji wa bandari nchini Ukraine, ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Mji umekaa juu ya mwinuko, nayo bandari iko chini. Kinachounganisha pande hizo mbili ni ngazi kubwa za mawe zilizojengwa kati ya mwaka wa 1837 na 1841. Leo zina vidato 192, na urefu wa mita 142. Aliyezichora alikuwa mjanja. Kidato cha chini kabisa kina upana wa mita 21.7, lakini cha juu kabisa ni mita 12.5 tu. Ukisimama chini ukatazama juu, huoni ila vidato, kimoja juu ya kingine, kana kwamba vinaelekea mbinguni. Ukisimama juu ukatazama chini, vidato vyote hutoweka, ukabaki kuona sakafu za kupumzikia peke yake. Anayepanda haoni pa kupumzika, na anayeshuka haoni pa kukanyaga!

Sasa tuingie kwenye filamu. Ni ya saa moja na robo hivi, na siku hizi inapatikana kwenye intaneti. Nakuonya mapema kwamba dakika kumi za mwanzo zitakuchosha. Watu wanafumbua vinywa na husikii lolote. Maneno yanaandikwa kwenye skrini, kisha picha inaendelea. Mkono wako utaitafuta simu. Iweke mbali, uvumilie, kwa maana mvumilivu hula mbivu.

Kisa chenyewe kina asili ya kweli. Mnamo Juni 1905, Urusi ikiwa bado chini ya mfalme wake, mabaharia wa Potemkin waliletewa nyama yenye funza. Katika filamu, daktari wa meli anaikunja miwani yake, anaichungulia nyama, anawaona funza wakijinyonganyonga, kisha anatangaza kwamba nyama ni nzuri, ioshwe tu. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupakuliwa maharagwe yenye wadudu katika shule ya bweni hahitaji kuelezwa zaidi. Mpwa wangu alicheka, kisha akanyamaza. Mabaharia wanaasi, na kiongozi wao, Vakulinchuk, anauawa. Maiti yake inalazwa bandarini, na watu wa Odessa wanamiminika kuja kumwomboleza.

Ndipo tunafika kwenye ngazi.

Jua linawaka. Watu wamejaa vidatoni wakiipungia mikono manowari iliyotia nanga baharini. Kuna mabibi wenye miavuli, wazee, watoto, na kijana asiye na miguu. Wengi wao hawakuwa waigizaji. Eisenstein aliwachagua kwa sura zao. Ghafla, safu ya askari waliovaa mashati meupe inatokea juu, bunduki mikononi. Wanashuka kidato kwa kidato, wanasimama, wanafyatua, wanashuka tena. Huoni nyuso zao. Unaona mabuti na vivuli vyao tu.

Mama mmoja anageuka na kuona mwanawe ameanguka na kukanyagwa na umati. Anamwinua mikononi, kisha badala ya kukimbia chini pamoja na wengine, anapanda kuwaelekea askari akiwasihi. Wanampiga risasi. Mama mwingine anasimama mbele ya kigari cha mtoto wake mchanga ili kumkinga. Naye anapigwa, na anapoanguka mwili wake unakisukuma kigari. Gurudumu linateleza kwenye ukingo wa kidato, kisha kigari kinaporomoka peke yake, mtoto akiwa ndani.

Mtu mwenye miguu mizima angezishuka ngazi hizo upesi. Katika filamu mauaji hayo yanachukua zaidi ya dakika tano, maana mwelekezi anarudia, anakata, anatuonyesha jicho, kiatu, mkono. Ngazi zinakuwa ndefu kama usiku wa mgonjwa. Mpwa wangu alikuwa amenishika mkono bila kujua.

"Mjomba, mtoto wa kwenye gari aliokolewa?" akauliza.

Nikamwambia kwamba filamu haimwonyeshi tena.

"Lakini hii ilitokea kweli?"

Hapo, msomaji, nikakumbuka aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari niliitazama filamu hii mara ya kwanza, kisha nikaandika katika insha kwamba mwaka wa 1905 askari waliua watu kwenye ngazi za Odessa mchana kweupe. Nilieleza hata rangi ya mashati yao. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja: "Ulikuwako?"

Nilienda maktaba kumthibitishia, nikarudi nimenywea. Ni kweli kwamba mwezi huo wa Juni 1905 mamia ya watu waliuawa mjini Odessa. Lakini walipigwa risasi usiku, katika eneo la bandari, moto ukiteketeza maghala. Mauaji yale ya mchana ngazini, na kigari kile, ni kazi ya Eisenstein. Serikali ya Kisovieti ilitaka filamu ya kuadhimisha miaka 20 ya mapinduzi ya 1905, naye akazipenda zile ngazi. Hata manowari yenyewe siyo. Potemkin ilikuwa imeshavunjwavunjwa, hivyo ikatumiwa meli nyingine. Na wale simba watatu wa mawe wanaoonekana kama simba mmoja anayeamka usingizini? Ukienda Odessa kuwatafuta hutawapata. Wako Alupka, katika rasi ya Crimea.

Filamu inaishia manowari ikipita kwa ushindi katikati ya meli zilizotumwa kuikamata. Haisemi kwamba siku chache baadaye mabaharia wale walijisalimisha nchini Romania. Hata hivyo nguvu yake iliwatia watawala hofu, na Uingereza iliipiga marufuku hadi mwaka wa 1954. Mnamo 1955 ngazi zenyewe zikapewa jina la Potemkin, na watu wanaziita hivyo hata leo. Mawe yameitwa kwa jina la jambo ambalo halikutendeka juu yake!

Nilimweleza mpwa wangu haya yote. Nilidhani atasema walitudanganya. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi wale waliokufa kweli hatujawaona."

Naam. Kigari cha kubuniwa tunakikumbuka sote, ilhali waliolala gizani bandarini hawana sura machoni petu.

Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Odessa imeshambuliwa kwa makombora mara nyingi. Mwaka huo, sanamu iliyo juu ya ngazi hizo ilifunikwa kwa magunia ya mchanga. Januari 2023, UNESCO iliuweka mji huo wa kale katika orodha ya turathi za dunia zilizo hatarini. Picha za vita hivyo zinatufikia kwenye simu kila uchao, za kweli na za kutungwa, na zote zinaudundisha moyo vilevile.

Kwa hivyo itazame filamu hii, mzazi, pamoja na wanao waliokwisha kupata fahamu. Wadogo sana wasubiri, kwa sababu damu ni nyingi. Waache washtuke, hata walie. Kisha zima runinga, uwaulize swali la mwalimu wangu. Wakikuuliza nawe, usione haya kusema hukuwako.